Muhuri wa Zamani

Jumamosi ile tulilizika jina
bila sanda, bila tanga,
kwa mikono kumi na tisa iliyonyooshwa juu
na mmoja uliobaki mezani: wangu.
Mimi ni katibu. Ulikuwa umeshika kalamu.
Hivyo ndivyo nilivyowaambia.

Tulikuwa tunaitwa Tujaribu.
Jina la Tabata Bima, uani kwa mama Anyisile,
viti vya plastiki, feni yenye kikohozi,
Ndesanjo mbele ya ubao wa kuazima
akitufundisha mizania kwa sukari na unga:
"Hii ni mali. Hili ni deni. Msivichanganye.
Na mtu akikuahidi asilimia thelathini kwa mwezi,
muulize kwanza mama yake anakaa wapi."
Tulicheka. Tulilipa ada, elfu ishirini.
Hati fungani ya kwanza tuliinunua
kama mtu aingiavyo msibani asikojuana na watu:
viatu mkononi, macho chini.

Sasa kaletwa kijana wa Masaki, Romanus,
shati lisilo na kola.
"Jina lenu," alisema kwa adabu, "linanuka jasho.
Tujaribu ni neno la asiye na hakika.
Mwenye fedha hajaribu. Anafika."
Akawasha projekta:
KILELE,
buluu iliyokolea, na mstari mwembamba wa dhahabu
unaopanda, unaopanda, usioshuka hata mara moja.

Niliutazama sana ule mstari.
Daftari nalitunza mimi, mwaka wa saba huu.
Sijawahi kuuona.

"Chema chajiuza," nikasema.
"Shangazi, siku hizi hata chema kinalipia tangazo."
Makofi.
Ndesanjo naye alipiga, polepole,
kama anayekung'uta unga viganjani.

Nembo: milioni nne na laki mbili.
Ada mpya: laki tano.
Mwanachama aitwe mshirika, somo liitwe safari,
na hasara,
hapo Romanus alitafuna kifuniko cha kalamu,
hasara tuiite funzo.

Ndipo nikamkumbuka Sikudhani.

Namba kumi na nne. Muuza vitenge wa Buguruni.
Shamba la vanila tulimshauri sote,
kwa kura, mikono juu vivi hivi,
wangu ukiwamo.
Milioni zake tatu zikaoza na maganda.
Hakumlaumu mtu. Jumamosi iliyofuata
alikuja na bakuli la visheti, akasubiri tumalize kula,
akauliza: "Haya, tumejifunza.
Karo kalipa nani?"
Ndesanjo akaufuta ubao
nao ulikuwa mtupu.
Tangu masika ya mwaka juzi hajaonekana.

Usiku nikalifungua daftari jipya,
jalada gumu, nembo imebonyezwa
hata kidole kinaisoma gizani.
Agizo: hamisha walio hai.
Maana yake, waliolipa.
Nikaandika wa kumi na mbili, wa kumi na tatu,
kalamu ikagoma.
Na Luku nayo ikaisha, kama waliopatana.
Kwa tochi ya simu nikaliandika,
Sikudhani Pazi,
kwa penseli, bila namba,
herufi ndogo ndogo za mtu anayeiba.

Leo kaja mgeni wa kwanza wa Kilele,
laki tano taslimu, noti zimenyooka.
Jina jipya liko ukutani, lina taa kwa ndani.
Lakini fundi mihuri wa Kariakoo hajamaliza,
anasema kesho, na kesho yake
imetimiza wiki ya tatu.
Nikauchovya ule wa zamani,
nikaushindilia kwenye stakabadhi:
TUJARIBU, na tarehe.

"Hii nini tena?"
"Ni sisi," nikamwambia.
"Hilo la ukutani ni jina la shule.
Hili la nyumbani."

Akaisoma tena.
Akaikunja mara mbili,
hakuitia mfukoni upesi.